Rika, Malezi na Geto: Nani Anamlea Kijana wa Bondeni Akishatoka kwa Wazazi?

Mada iliyowasilishwa kwa viongozi wa kata, walimu, wazee wa mila na viongozi wa dini, Kyela



Nimepewa mada pana: tunu za utamaduni, alama za kijamii, na namna jamii inavyomfunda mtoto. Maana za maneno haya nitazipitia haraka kwa sababu wote mliomo humu mnazijua. Tunu ni yale ambayo jamii humsifia mtu akiwa nayo na kumnung'unikia akiyakosa. Alama ni vitu na vitendo vinavyozibeba tunu hizo bila mtu kusema neno: ng'ombe anayeletwa na mkwe msibani, mwanamke anayepiga magoti kusalimia, mgomba nyuma ya nyumba. Katika matambiko ya ukoo, ndizi za kupika zilimwakilisha mwanamume na ndizi tamu zilimwakilisha mwanamke, na mtoto aliyekua akiyaona hayo hakuhitaji kuelezwa. Kufunda ni kazi ya kumwingiza mtoto katika mambo hayo yote mpaka ayaone ni yake. Maelezo ya kisera yamo katika Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 na sitayarudia.

Vijiji vya rika

Malezi ya Bondeni, yaani hapa Kyela kwetu Wanyakyusa, hayaelezeki bila vijiji vya rika. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951, Good Company, kikapeleka habari zetu katika vyuo vya dunia. Mvulana alianza kwa kuchunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake. Alipofika miaka 10 au 11 alitoka nyumbani, akaenda kujenga vibanda na wa rika lake kando ya kijiji cha baba zao. Hapo ndipo walipolala, wakagombana na kupatana. Walipooa waliwaleta wake zao hapo hapo, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za adabu. Haikufaa kijana anayebalehe asikie mambo ya usiku ya wazazi wake. Haikufaa pia mke wa mwana akutane na baba mkwe, kwa kuwa mwiko wa kukwepana kati yao ulikuwa mkali mno.

Naomba tulitazame jambo moja hapa kwa makini, kwani ndilo litakalotusaidia mbele. Watoto wale hawakujipikia. Walikwenda kwa kundi kula leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Hawakuwa pia na mashamba yao. Walilima ya baba zao. Na mara moja kwa kila kizazi ulifanyika ubusoka: moto wa zamani ulizimwa, mpya ukapekechwa, wazee wakawakabidhi vijana uongozi wa nchi. Kwa hiyo kijana alilala mbali na wazazi, lakini chakula kilimrudisha kwa mama zake kila siku, jembe likamrudisha kwa baba zake, na ubusoka ukampa sababu ya kuwavumilia wazee mpaka zamu yake ifike. Mama aliyempakulia chakula mtoto wa jirani alimwona kama amekonda, kama ana jeraha, kama amekaa kimya kuliko jana.

Juu ya hayo kulikuwa na pumzi ya watu. Wazee waliamini kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mkosaji humletea baridi na ugonjwa. Mkristo na Mwislamu wa leo hawana haja ya kuiamini imani hiyo, lakini waelewe ilifanya kazi gani: kila mtu alijua kwamba mwenendo wake unatazamwa, na kwamba majirani wana haki ya kuuchukia.

Wapo wasomi waliopinga maelezo ya Monica Wilson. Michael McKenny, mwaka 1973, alihoji kama vijiji hivyo vilikuwa imara kiasi kile. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Wala nisieleweke kwamba nataka yote yarudi. Binti hakuwa na kijiji. Aliposwa kabla ya kuvunja ungo na akaanza kupelekwa kwa mume angali mdogo, huku wazee wenye ng'ombe wakioa wake wengi na vijana wakisubiri. Hilo halina nafasi katika nchi yenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na namshukuru Mungu kwamba halina nafasi.

Vijiji hivyo vilibeba tunu ambayo kila mzungumzaji wa Bondeni huitaja: ukwangala, ule urafiki wa kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza. Wafilipino wana tunu inayokaribiana nayo, pakikisama, ambayo Frank Lynch aliiandika sana katika miaka ya 1960 kama uwezo wa mtu kwenda sawa na wenzake. Baadaye mwanasaikolojia wao, Virgilio Enriquez, alipinga. Alisema kwenda sawa na wenzako ni juu juu tu. Kilicho chini yake ni kapwa, yaani kumhesabu mwenzako kuwa sehemu ya nafsi yako. Onyo lake linatuhusu. Vijana wanaweza kuelewana vizuri kabisa katika kufanya uovu. Rika lenye umoja bila mzee wa kulitazama halijawa na ukwangala.

Vilivyoondoka na kilichobaki

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika mwaka 1891 na kuanzisha aina nyingine ya makazi kuzunguka kanisa na shule. Philip Gulliver, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1958, alionyesha jinsi uhaba wa ardhi, mpunga na kahawa vilivyomfanya kila mtu ang'ang'anie kiwanja chake, hata nafasi ya rika jipya kujenga ikakosekana. Wanaume walikwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, wengine wakaandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri wafanyakazi wa migodini, kwenda migodi ya Afrika Kusini, wakarudi na fedha zao mkononi bila kumsubiri mzee. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, ubusoka ukakosa kiti cha kukabidhi. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini.

Lakini jambo moja halikuondoka. Mvulana wa Bondeni bado anatoka kwa wazazi. Akifika darasa la sita au la saba anajengewa chumba pembeni, au anajijengea, na hakuna anayeshangaa. Tumebaki na nusu ya desturi: kijana anatoka, ila kile kilichokuwa kikimrudisha kwa wazee hakipo.

Geto

Sasa naingia katika jambo ambalo nimelisema katika vikao vingi, kwa ngazi mbalimbali, na nitalisema tena leo. Nazungumza kwa heshima zote na sina nia ya kuinyooshea kidole ofisi yoyote.

Kuanzia mwaka 2004, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), nchi yetu ilijenga shule za sekondari za kata. Ni kazi kubwa na watoto wetu wengi wamefaidika. Lakini kata zetu zimekatwa na mito. Mvua ya Kyela huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ikifika Machi na Aprili, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa na mashamba kugeuka maji. Mtoto wa ng'ambo ya mto hawezi kwenda na kurudi. Mzazi anafanya anachokiweza: anampangishia chumba karibu na shule. Chumba hicho ndicho geto.

Wengi wenu mmepita nje ya mageto haya. Niwaombe siku moja muingie ndani, saa moja usiku. Mtakuta godoro moja la watu wawili au watatu, ndoo ya maji, mfuko wa mchele uliotoka nyumbani Jumapili na ambao Alhamisi umeshalegea, jiko la mkaa ndani kwa sababu nje mvua inanyesha, sare zinakauka kwenye kamba juu ya jiko. Daftari liko chini ya godoro lisilowe. Mlango unafungwa kwa kipande cha waya. Mkaaji wa chumba hicho ni mtoto wa miaka 14. Mwenye nyumba anaishi mjini, anapiga simu mwisho wa mwezi.

Mchele ukiisha, nini kinatokea? Wa kiume anashika bodaboda ya mtu jioni, au anajifunza ni nani ananunua kakao mbichi usiku bila kuuliza imetoka shamba la nani. Wa kike anakutana na anayejua kwamba mchele umeisha. Tunalizungumza tendo la mwisho, mimba au wizi, kana kwamba limeanza siku hiyo. Limeanza Alhamisi ile.

Na wa kike naomba asisahauliwe. Geto la leo lina wasichana, jambo ambalo kijiji cha rika hakikuwa nalo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mila ilishatufundisha namna ya kumlinda. Haikutufundisha. Kazi hiyo ni mpya na ni yetu.

Serikali imefanya mengi, na lazima nilitamke hilo. Ipo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayomhusu mtoto wa miaka 0 hadi 8. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Sasa pangeni haya kwa umri na kwa wakati. La kwanza linaishia miaka 8. La pili na la tatu yanafika baada ya madhara. Kati ya hapo kuna mtoto anayelala peke yake, na swali dogo la nani anajua anapolala halina ofisi. Nikiuliza shule, naambiwa mamlaka ya mwalimu yanaishia getini. Nikiuliza kijiji, naambiwa ni mwanafunzi, kaulize shule. Nikimuuliza mzazi, anasema alimkabidhi kwa mwenye nyumba. Majibu haya nimeyapata kwa miaka, karibu kwa maneno yale yale, na yananiumiza kwa sababu kila anayejibu hasemi uongo.

Mapendekezo

Kwanza, kila mtendaji wa kijiji kilicho na shule ya sekondari awe na daftari la wanafunzi waliopanga: jina, kidato, kijiji anachotoka, mwenye nyumba, simu ya mzazi. Daftari na kalamu havihitaji bajeti. Mkuu wa shule apate nakala. Daftari hilo litunzwe vizuri lisifike mikononi mwa watu wabaya.

Pili, kila geto liwe na mlezi wa karibu, mtu mzima anayeishi umbali wa kuita na kusikika, anayekubaliwa na mzazi na kutambuliwa na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa wasichana awe mwanamke. Asiwe mwenye nyumba peke yake, maana mwenye nyumba ana maslahi ya kodi.

Tatu, hosteli za jamii zilizoanzwa kwa nguvu za wananchi zimaliziwe. Nimeona jengo lililosimama kwenye lenta miaka mingi, nyasi zikiota ndani, na mita chache kutoka hapo watoto wamepanga vyumba vibovu. Waliolijenga walitoa matofali na siku zao za kulima. Wana haki ya kuelezwa limekwamia wapi.

Nne, chakula. Hili nalisisitiza kuliko mengine. Tukishindwa hosteli, tuanze na mlo mmoja wa jioni kwa wanafunzi waliopanga. Tunatoka katika bonde la mpunga. Wazazi wakichangia mpunga wakati wa mavuno, Mei hadi Julai, ukahifadhiwa shuleni chini ya bodi, na kina mama wa eneo wakapika kwa zamu, tutakuwa tumerudisha kile kitendo cha kijana kula kwa mama wa mwenzake. Mama anayepakua ndiye atakayegundua nani hakuja.

Tano, wazee wa mila na makanisa wasikae tu na vijana siku ya ngoma au ya kipaimara. Wawe na siku inayojulikana ya kuzungumza nao, wavulana kwa wazee wa kiume, wasichana kwa kina mama, na vijana wapewe nafasi ya kuuliza.

Sita, wanunuzi wa kakao na wenye bodaboda wahusishwe kwa sheria ndogo za vijiji: asinunue kakao kwa mwanafunzi, asimpe mwanafunzi pikipiki usiku.

Saba, narudia la kwanza, kwa sababu bila hilo mengine hayawezekani. Hatuwezi kumlinda mtoto ambaye hatujui analala wapi. Daftari la waliopanga liwepo kabla ya kikao kingine chochote kuitishwa kuhusu maadili ya vijana.

Nane, mipango ya taifa inayofuata ya malezi imtaje kwa jina mtoto wa miaka 10 hadi 17 anayeishi nje ya nyumba ya wazazi. Wajumbe wenye nafasi ya kulifikisha hilo juu wako humu ndani, na nawaomba wasilifanye kuwa kumbukumbu ya kikao tu.

Waheshimiwa watendaji wa vijiji, masika hayako mbali na mito itafunga njia kama kila mwaka. Naomba kabla ya mvua ya Machi kila mmoja wenu apite mlango kwa mlango kuzunguka shule yake, aandike majina, na ahakikishe kila jina lina mtu mzima mmoja anayewajibika nalo. Mwenyekiti, naomba semina hii iliazimie hilo leo, na iweke tarehe ya kuyasoma majina hayo mbele yetu.