Muulizeni Aliyelala Kitandani
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Isingiro)



Kila nirudipo huku kutoka Dar es Salaam, vijana huniuliza kama maisha ya kule ni mazuri. Sipendi kuwajibu peke yangu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa ule, na jibu la mmoja si jibu la wote.

Mwaka 2010 watafiti walifanya jambo la busara. Walizitembelea kwanza kaya za Dar es Salaam, kisha wakawapigia simu watu wale wale mara kwa mara, wakiuliza habari za maji, umeme, shule na safari. Ukirudia swali, ahadi ya jana hupimwa kwa jibu la leo. Ila kwa njia hiyo, asiye na simu hasikiki.

Ndugu zangu, kuuliza si mchezo. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilifurika. Watu walikufa na nyumba zikabomoka. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Baadhi yao walirudi bondeni. Asiyewajua atawaita wakaidi. Lakini mchukuzi wa Kariakoo akilala Jangwani huenda kazini kwa miguu. Akilala Mabwepande, nauli hula chakula cha watoto. Mafuriko huja kwa msimu, njaa huja kila siku. Kuhama bondeni kulikuwa lazima. Hata hivyo nauli nayo ilistahili kuhesabiwa pamoja na kiwanja.

Tusidhani hayo ni ya mjini tu. Wilaya yetu ya Kyerwa iligawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, na mipango yake inatuhusu. Kabla ya kuamua kisima kichimbwe wapi, aulizwe anayebeba ndoo, siyo mwenye nyumba peke yake. Vijana, chukueni daftari, piteni kaya kumi za kilimani kwenu, ulizeni shida iliyo kubwa kuliko zote, mwandike jibu kama lilivyosemwa. Majibu yapelekeni kwenye mkutano wa kijiji. Mwakani rudini kwa watu wale wale.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi, muulizeni aliyelala.