Mama, Bwana Yako Naye Apimwe

Wamama, leo hatusemi juu ya mtoto. Tunasema juu ya baba yake.

Chini ya kibofu cha mwanaume kuna tezi ndogo, jina lake prostati. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Miaka ikisonga, tezi inakua na kubana njia ile. Ndipo mzee anaamka usiku mara tatu, mara ine, na mkojo unatoka kidogo kidogo. Mara nyingi si kansa. Lakini kansa ya prostati inaweza kuanza kimya, bila maumivu.

Wanaume wengi wanasema: «Kidole cha munganga? Mimi, hapana!» Waliokwisha kupimwa wanasema haya ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Munganga anavaa glavu, anapaka mafuta. Ni dakika moja tu, basi. Kuna pia kipimo cha damu, PSA. Ikipanda, si hukumu ya kansa. Inaomba kupima zaidi.

Basi mama, bwana akifika miaka 50, ao 45 kama baba ao ndugu yake aliugua kansa hii, mwambie kwa upole, mukiwa wawili, aone munganga. Na mkojo ukifunga kabisa, musingoje kesho: mumulete siku ileile.