Mashine ya Upepo na Karatasi ya Hataza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu: andika maneno haya ubaoni kabla ya kusoma. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaandike katika madaftari yao.

HATAZA: haki anayopewa mvumbuzi kwa sheria, ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila ruhusa yake, kwa muda uliowekwa.
MVUMBUZI: mtu aliyepata njia mpya ya kufanya kazi.
MKAGUZI: ofisa anayesoma na kupima maombi ya hataza.
DAI: maneno yanayoonyesha mpaka wa haki anayoiomba mvumbuzi. Yakiwa mengi huitwa madai.
MAPEPE: punje za mpunga zisizo na kitu ndani.

 

Leo tutazungumza juu ya vitu vitatu: mpunga, upepo na karatasi. Labda utauliza, "Vitu hivi vinakutana wapi?" Subiri kidogo. Tuanze na kile unachokijua.

Wewe unayekaa Ifakara, au Mang'ula, au Mbingu, au Mlimba, unaijua kazi ya mavuno. Mpunga umekwisha kupurwa. Umelala juu ya turubai, lakini bado haujawa safi. Ndani yake mna mapepe, vipande vya majani na vumbi. Basi mama anachota kwa ungo, anauinua juu, na kuumwaga mpunga polepole. Upepo unapita. Punje nzuri zinaanguka karibu na miguu yake. Mapepe yanapeperuka mbali.

Je, kwa nini mapepe huenda mbali? Punje iliyojaa na pepe zina ukubwa karibu sawa, kwa hiyo upepo huzisukuma kwa nguvu karibu sawa. Lakini punje iliyojaa ni nzito, haisukumwi kwa urahisi. Pepe ni jepesi, halina la kufanya ila kufuata upepo. Lijaribuni jambo hili darasani. Mtu mmoja aangushe punje moja na pepe moja kutoka kimo cha kichwa chake. Mwingine apepee kwa daftari. Tazameni kila moja imeanguka wapi.

Lakini upepo wa uwanjani hauji kwa amri. Siku nyingine umetulia tangu asubuhi hata jioni, na mawingu yanakusanyika juu ya milima ya Udzungwa. Siku nyingine unavuma kwa ghadhabu ukachukua hata punje nzuri. Ndiyo maana mafundi wanatengeneza mashine. Mashine ni sanduku la bati au mbao. Juu lina mdomo wa kutilia mpunga. Ubavuni lina feni inayozungushwa kwa mkono au kwa injini. Chini lina matundu mawili au matatu. Punje nzito hutokea tundu la karibu, nyepesi hutokea tundu la pili, na makapi hutupwa nje. Kazi ni ile ile ya ungo, ila upepo sasa unatii.

Sasa, ndugu msomaji, tuseme fundi ni wewe. Umeona kwamba mpunga unapopungua mdomoni, upepo wa feni unakuwa mwingi kupita kiasi na kuchukua punje nzuri. Umefikiri usiku na mchana. Mwisho umeweka kilango katika njia ya upepo, ukakiunga kwa fimbo na kibao kilicho chini ya mdomo. Mpunga ukiwa mwingi, unakilemea kibao na kilango kinafunguka. Mpunga ukipungua, kilango kinajifunga kidogo, na upepo unapungua wenyewe. Majirani wamekusifu. Rafiki yako anakuambia, "Nenda ukaombe hataza, watu wasije wakakuiga."

Ushauri huo ni mwema. Lakini sikiliza neno hili, maana ndilo neno kubwa la somo la leo. Mkaguzi wa hataza hatakuja Ifakara. Hatapepeta mpunga kwa mashine yako. Hatausikia mngurumo wa feni yake wala sifa za majirani. Atakaa mezani na kusoma karatasi uliyomwandikia, pamoja na michoro yake. Kisicho katika karatasi ile, kwake hakipo.

Je, mkaguzi anapima nini? Kwa kifupi, anajiuliza maswali manne.

Swali la kwanza: Je, jambo hili ni jipya? Maana yake ni jipya duniani, si jipya Ifakara tu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapojikwaa. Unajua kwamba reli ya TAZARA inayopita Ifakara ilijengwa kwa msaada wa China, tangu mwaka 1970 mpaka 1975. Huko huko China, watu walikuwa na mashine ya kupepeta nafaka yenye feni ya kuzungushwa kwa mkono zamani za utawala wa Han, karibu miaka 2,000 iliyopita. Wachimbuaji wamekuta sanamu zake ndogo za udongo katika makaburi ya wakati ule. Mwaka 1637, mtaalamu wa China aliyeitwa Song Yingxing alitoa kitabu cha kazi za mikono, na picha ya mashine hiyo imo ndani. Kwa hiyo ukiandika, "Mimi nimevumbua mashine ya kupepeta kwa feni," mkaguzi atakufungulia kitabu cha mwaka 1637. Hapo huna la kujibu.

Swali la pili: Je, jambo hili lingemjia kwa urahisi fundi yeyote anayeijua kazi? Kama umebadili rangi ya sanduku, au umeweka bati mahali pa mbao, fundi mwenzako atasema, "Hata mimi ningefanya hivyo." Hilo halitoshi. Lazima pawe na hatua ya akili ambayo si dhahiri.

Swali la tatu: Je, linaweza kutengenezwa na kutumika katika kiwanda, kilimo au kazi nyingine? Hapa huna shida. Kupepeta mpunga ni kazi halisi.

Swali la nne: Je, umelieleza wazi hata fundi mwingine akisoma anaweza kulitengeneza? Usifiche siri ya kilango. Hataza ni mapatano: wewe unawafundisha watu uvumbuzi wako kwa maandishi, nao kwa sheria wanakupa muda wa kuushika peke yako. Katika nchi nyingi muda huo hauzidi miaka 20. Ukiisha, uvumbuzi ni wa watu wote.

Sasa tuje kwenye madai. Soma madai haya mawili, uyapime mwenyewe.

Dai la kwanza: "Nadai mashine yoyote inayopepeta nafaka kwa upepo wa feni."

Dai la pili: "Nadai mashine ya kupepeta nafaka yenye mdomo, feni, njia ya upepo, na kilango ndani ya njia hiyo, ambacho kimeungwa na kibao kilicho chini ya mdomo, hata nafaka ikipungua juu ya kibao, kilango kinapunguza upepo."

Dai la kwanza ni kama mtu anayetaka kuzungushia ua bonde zima la Kilombero. Mkaguzi atalikataa, kwa sababu bonde lina wenyewe. Dai la pili ni kama mtu anayeonyesha shamba lake na mipaka yake. Hilo atalipekua vizuri. Labda atakuta kwamba kilango kama hicho kimekwisha kuandikwa katika nchi nyingine. Labda hatakuta.

Na akikuandikia barua yenye makosa, usivunjike moyo wala usiitupe. Barua ya mkaguzi mara nyingi si mwisho wa safari. Unaruhusiwa kujibu na kueleza. Unaruhusiwa kupunguza dai lako libakie lile lililo jipya kweli. Lakini angalia mambo mawili. Jibu kabla siku ulizopewa hazijapita. Pili, huwezi kuongeza jambo jipya ambalo halikuwamo katika maandishi ya kwanza. Ikiwa uliisahau ile fimbo siku ya kwanza, huwezi kuiingiza leo. Basi andika yote mapema.

Usidhani kwamba mambo haya ya upepo na nafaka ni madogo. Huko Marekani, Bwana William Cochrane alipata hataza mwaka 1863 kwa njia ya kusafisha unga wa ngano. Chenga za ngano zilipitishiwa mkondo wa hewa uliochukua uchafu mwepesi, kisha zikasagwa tena na kuchanganywa na unga mwingine. Unga mzuri ukapatikana kwa wingi zaidi. Wenye vinu wengine, huko Georgetown katika eneo la Washington, wakafanya kazi hiyo kwa mitambo yenye umbo tofauti. Wakasema, "Mitambo yetu si kama yako." Shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, na Cochrane akashinda. Mahakama ilisema kwamba njia ya kufanya kazi, ikiwa mpya, inaweza kulindwa hata kama vyombo vya kuifanyia vinabadilika. Majaji wawili hawakukubaliana na wenzao, lakini wengi walishinda.

Mafundisho yake kwako ni haya. Jiulize, "Kilicho kipya ni chombo changu, au ni njia yangu ya kufanya kazi?" Kama ni njia, andika dai la njia. Ukiandika umbo la sanduku tu, jirani atabadili umbo, na wewe utabaki na karatasi yako mkononi.

Sasa tusemee hatari moja. Kila mwaka, siku za Nane Nane, watu huenda Morogoro kwenye maonyesho ya wakulima. Fundi hutamani kuonyesha mashine yake, naye ana haki kujivuna. Lakini ukiifungua mbele ya watu na kueleza siri yake kabla ya kupeleka maombi, mkaguzi anaweza kusema, "Jambo hili limekwisha kujulikana." Wewe mwenyewe utakuwa umejinyima. Sheria nyingine hutoa nafasi fupi ya kusamehe jambo hilo, lakini usiitegemee. Peleka maombi kwanza, ngoma ipigwe baadaye.

Maombi yanapelekwa wapi? Zamani, wakati wa ukoloni na hata baada ya Uhuru, mtu alipaswa kupata hataza Uingereza kwanza, ndipo aisajili hapa. Fikiri fundi wa Ifakara angefikaje London! Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 ilibadili utaratibu huo. Siku hizi Tanzania Bara kazi hiyo iko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, ulioanzishwa mwaka 1999. Zanzibar ina ofisi yake. Tena kuna shirika la nchi za Afrika liitwalo ARIPO, lenye makao yake Harare, Zimbabwe. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ombi moja linaweza kupimwa huko kwa ajili ya nchi kadhaa ulizozitaja. ARIPO ikikubali, kila nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kupinga kama haikuridhika.

Kama uvumbuzi wako ni mpya lakini hatua yake ni ndogo, uliza habari za cheti cha matumizi. Sheria yetu inacho, nacho hakidai ile hatua kubwa ya akili inayodaiwa na hataza. Uliza pia ada, maana hataza hulipiwa kila mwaka, na isipolipiwa hufa.

Kabla ya kumaliza, usichanganye mambo. Kusajili jina la karakana yako si hataza. Hataza ya Tanzania haimzuii mtu wa Kenya kutengeneza mashine hiyo kwao. Wala hataza si cheti cha ubora. Mkaguzi akikubali, hakusema mashine yako ni imara, wala hakuahidi kwamba wakulima watainunua. Hiyo ni kazi yako na mpunga wao.

Ndugu msomaji, huenda ulipoanza darasa hili mtu alikucheka akisema, "Mikono yako inajua kazi, herufi za nini?" Sasa unalo jibu. Mikono yako ndiyo iliyotengeneza kilango. Lakini huko mbali, mezani kwa mkaguzi, mikono haifiki. Huko hufika maandishi tu. Asiyejua kuandika atamwomba mwingine amwandikie, naye hatajua kama dai lililoandikwa ni shamba lake, au ni nusu yake. Hata ukimlipa mtaalamu akuandikie, na mara nyingi ni vizuri kufanya hivyo, lisome dai lako neno kwa neno kabla ya kutia sahihi.

Kaa salama, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini pepe huenda mbali kuliko punje iliyojaa?
2. Kwa nini dai la kwanza lilikataliwa? Onyesha neno lililoliharibu.
3. Wenye vinu wa Georgetown walijitetea kwa maneno gani? Je, ungekuwa jaji ungeamuaje?
4. Fundi ameonyesha mashine yake kwenye maonyesho mwezi wa nane, akapeleka maombi miaka miwili baadaye. Ana hatari gani?
5. Chagua chombo kimoja cha nyumbani kwako. Kieleze kwa sentensi tatu, bila kuchora, hata mwenzako asiyekiona aweze kukitambua. Kisha msomee, uone kama amekitambua.