Tegu wa Nguruwe: Moto Ufike Ndani
Hotuba juu ya kuchagua, kupika na kuhifadhi nyama ya nguruwe



Nyama ya nguruwe ni chakula chenye nguvu, na ufugaji wake huleta fedha upesi, kwa maana nguruwe jike huzaa watoto wengi kwa mara moja. Lakini iko hatari katika nyama hiyo isiyojulikana kwa harufu wala kwa ladha. Hatari hiyo ni tegu.

Zamani watu waliona vimbe vyeupe katika nyama ya nguruwe, vidogo kama punje, wasijue ni kitu gani. Mwaka 1855 daktari mmoja wa Ujerumani, Friedrich Küchenmeister, alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kufa chakula chenye vimbe hivyo. Hukumu ilipokwisha kutimizwa, tegu wachanga walionekana katika utumbo wake. Jaribio hilo lilikuwa la ukatili, wala leo haliruhusiwi, lakini lilithibitisha kwamba vimbe vile ni watoto wa tegu.

Mtu akila nyama isiyoiva, tegu hukua tumboni mwake hata kufikia urefu wa mita kadhaa, na mayai yake hutoka pamoja na choo. Nguruwe anayezurura hula choo hicho, na watoto wa tegu huingia katika nyama yake. Katika Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti wameukuta ugonjwa huu katika nguruwe wa wakulima wadogo.

Lililo baya zaidi ni hili: mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au kwa maji na mboga zilizochafuliwa, watoto wa tegu huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba katika sehemu nyingi zenye tegu huyu, karibu watu 30 katika kila 100 wenye kifafa wamekipata kwa sababu yake. Basi hata yule asiyekula nguruwe, kwa dini au kwa hiari yake, aweza kupatwa ikiwa jirani yake ana tegu. Jamaa wengi wamemaliza mali yao wakitafuta aliyemroga mtoto wao, kumbe aliyemdhuru ni mnyoo.

Kinga yake si ngumu. Kwanza, nyama inunuliwe mahali inapokaguliwa na kupigwa mhuri. Hata hivyo mkaguzi hawezi kupasua kila kipande, na vimbe vikiwa vichache huweza kumpita. Kwa hiyo nyama yenye mhuri nayo yataka kupikwa vema.

Pili, ikatwe vipande vidogo, ipikwe mpaka joto la ndani lifike digrii 71 za Selsiasi. Asiye na kipimo na apasue kipande kilicho kinene kuliko vyote. Kikiwa bado chekundu, au kikitoa maji mekundu, kirudishwe motoni. Nyama ya kuchoma ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa kuwa huweza kuungua nje na kuwa mbichi ndani.

Tatu, katika kuhifadhi, chumvi hunyonya maji ya nyama na moshi huikausha, hata isioze upesi. Lakini katika kipande kinene, watoto wa tegu walio katikati huweza kubaki hai. Baridi kali huwaua, kama nyama ikigandishwa kwa digrii 15 chini ya sifuri muda wa siku 3. Baridi ndogo inayopoza tu bila kugandisha isitegemewe. Nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi au moshi ipikwe vilevile kabla ya kuliwa.

Mwisho, nguruwe afungiwe bandani, kila nyumba iwe na choo kinachotumiwa na wote, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mwenye kuona vipande vya mnyoo katika choo chake aende hospitali bila haya, maana dawa ipo. Akipona yeye, amewakinga watoto wake na wa jirani zake.