KILA KONA YA BOMBA INA GHARAMA YAKE

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanaushirika. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani. Darasa la kisomo nalo liyatumie katika hesabu.)

 

Leo nina jambo moja tu. Ushirika wetu unataka kuvuta maji kutoka kwenye tangi hadi zahanati, na hapo zahanati kiwekwe kilula cha wagonjwa na majirani. Makadirio ya fundi yameletwa. Yanasema: bomba la inchi moja, mita 40, na bei yake. Chini kabisa yameandikwa maneno mawili tu: "viungio mbalimbali". Ndugu zangu, maji ya zahanati yanaweza kupotelea katika maneno hayo mawili. Kabla hatujanyoosha mikono kupitisha fedha, hebu tuelewane.

Kwanza, maji ya tangi yanasukumwa na nini? Hayana injini. Yanasukumwa na kimo chake. Kila mita 10 za kimo zinatoa presha ya kama kilo 1 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Ukubwa wa tangi hauongezi kitu. Simtangi la lita 10,000 na pipa moja, maji yake yakiwa kimo kimoja, msukumo wake ni ule ule.

Wenzetu wa Kilimanjaro na Uluguru wana milima. Maji yao yanashuka yenyewe, na mita za kimo wanazo nyingi. Sisi wa Ugogo maji tunayatoa chini kwa visima virefu. Hata mji wa Dodoma unategemea visima vya Makutupora. Kila mita ya kimo tunayoipata juu ya mnara tumeilipia kwa dizeli au kwa sola. Basi mita hizo ni mapato, na ni lazima ziwe na hesabu ya matumizi kama fedha za ushirika.

Pili, matumizi yenyewe ni yapi? Ni mawili. La kwanza ni msuguano wa maji na ukuta wa bomba, na huo kila mtu anaukumbuka. La pili ni viungio: elbo, tii, valvu. Hapa ndipo watu wengi husahau.

Tazameni ng'ombe wakitoka zizini. Kwenye njia nyoofu wanatembea vizuri. Wakifika kwenye kona ya uzio wanabanana, wanasukumana, vumbi linatimka, na wa nyuma wanangoja. Maji nayo ni hivyo hivyo. Yakifika kwenye elbo yanagonga ukuta, yanajizungusha, na sehemu ya msukumo inaishia humo humo katika vurugu.

Mafundi wana njia nyepesi ya kuhesabu. Kila kiungio wanakigeuza kiwe urefu wa bomba, kwa kufuata upana wa bomba lenyewe. Kwa bomba lenye upana wa ndani wa milimita 25 inakuwa hivi:

– Elbo ya kona kamili: mara 30 ya upana, yaani sentimita 75.
– Tii, maji yakichepuka: mara 60, yaani mita 1 na nusu.
– Geti valvu iliyofunguliwa yote: mara 8, yaani sentimita 20.
– Valvu ya kuzuia maji kurudi: kama mara 100, yaani mita 2 na nusu.
– Globu valvu, ile ambayo ndani maji hupanda na kushuka kupita kwenye kikalio chake: mara 340, yaani mita 8 na nusu.

Soma tena mstari wa mwisho. Geti valvu na globu valvu zikiwa mezani dukani unaweza kuziona kama ndugu. Ndani ya bomba moja inakula sentimita 20, nyingine mita 8 na nusu!

Sasa tupige hesabu ubaoni. Tuseme mita zetu 40 zina elbo 8, tii 2, globu valvu 2 na valvu moja ya kuzuia maji kurudi. Elbo ni mita 6. Tii ni mita 3. Globu ni mita 17. Ile ya mwisho ni mita 2 na nusu. Jumla mita 28 na nusu. Tumenunua mita 40, lakini maji yatatembea kama yanapita mita 68 na nusu.

Je, zahanati itaona tofauti? Tuseme maji ya tangi yako mita 3 juu ya koki. Mita 1 na nusu tunaiweka akiba kwa ajili ya koki yenyewe na kwa siku ambazo tangi limepungua. Inabaki mita 1 na nusu ya kutumia njiani. Kwa bomba jipya la plastiki, bila viungio, ndoo ya lita 20 ingejaa kwa sekunde 48 hivi. Kwa viungio vile inajaa kwa sekunde 65.

Mtu atasema, sekunde 17 ni nini? Ngoja. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kilula kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250, yaani ndoo 312 na nusu. Zidisha kwa sekunde 17. Unapata karibu saa moja na nusu ya foleni, kila siku. Anayesimama katika foleni hiyo ni mama mwenye mtoto mgongoni, na mwingine anangoja maji ya mgonjwa wake.

Tatu, tusidanganywe na kipimo cha maji yaliyosimama. Koki zote zikiwa zimefungwa, hakuna kinachopotea, na presha itaonekana nzuri sana. Hasara huanza maji yanapotembea. Yakitembea mara mbili ya mwendo, hasara ya kwenye viungio inakuwa mara nne. Ndiyo maana kilula cha mwisho huwa na nguvu usiku, asubuhi kikalegea, na watu wakaanza kumshuku mlinzi wa maji kwamba kafunga valvu. Tuhesabu kwanza, ndipo tushuku.

Nne, tusilaumu elbo kila mahali. Katika bomba la inchi mbili lenye kilometa 3, elbo 30 ni kama mita 45 tu za ziada. Huko msuguano wa urefu ndio mkubwa. Wapo wanaoongeza asilimia 10 kwa ajili ya viungio, wakaona yamekwisha. Kwa njia ndefu inatosha. Kwa njia yetu fupi viungio ni asilimia 71! Kwa hiyo hapa vihesabiwe kimoja kimoja.

Mapendekezo yangu ni haya:

1. Fundi alete orodha ya viungio vyote, aina na idadi, pamoja na mchoro. Mhandisi wa RUWASA wilayani aombwe kuipitia.

2. Mahali pa kufungua na kufunga tu, iwekwe geti valvu. Hiyo peke yake inashusha mita 68 na nusu hadi 52 hivi, na ndoo inajaa kwa sekunde 56.

3. Bomba la plastiki la kuviringishwa lifuate mtaro kwa kupinda taratibu, tupunguze elbo. Lakini valvu ya matengenezo na ile ya kuzuia maji kurudi zisiondolewe. Hizo ni matumizi ya lazima.

4. Tuulize bei ya bomba lenye upana wa ndani wa milimita 32. Hata likiwa na viungio vyote vile, njia hiyo inaweza kujaza ndoo kwa sekunde 36 hivi, ikiwa koki ya mwisho inapitisha. Huenda nyongeza ya bei ikawa ndogo kuliko kuinua mnara.

5. Siku ya kukabidhiwa kazi, koki zote zifunguliwe pamoja, tupime kwa ndoo na saa. Malipo ya mwisho yafuate baada ya kipimo hicho.

Ndugu wanaushirika, fedha hizi ni za ndoo zetu wenyewe, shilingi kwa shilingi. Tunapouza alizeti hatukubali mtu atuandikie "makato mbalimbali" bila kuyataja. Basi na hapa tusikubali "viungio mbalimbali".

Sasa namrudishia Mwenyekiti aongoze kura.

Maji ni uhai.

Katibu wa Tawi