HOTUBA: Dada Wanne na Mitungi Miwili

 

Mwaka wa 1882, mjini Paris, mchoraji Mmarekani John Singer Sargent, kijana wa miaka 26, aliwachora kwa rangi za mafuta mabinti wanne wa rafiki yake, Edward Darley Boit. Turubai ni ya mraba, zaidi ya mita 2 kila upande. Julia, mwenye miaka 4, ameketi kwenye zulia na mwanasesere wake. Mary Louisa, wa miaka 8, amesimama kando, mikono mgongoni. Jane na Florence, waliokuwa wakubwa zaidi, wako nyuma penye kiza. Florence ameegemea mtungi wa Kijapani unaomzidi kimo, na uso wake hauonekani vyema.

Baadhi ya wahakiki walilalamika. Walizoea picha za familia zenye watoto waliokusanyika pamoja. Hapa kuna nafasi tupu katikati. Lakini ndivyo watoto walivyo: mdogo hucheza mbele ya watu, mkubwa huanza kujificha. Sargent alichora alichokiona.

Baba yao alifariki mwaka wa 1915. Mwaka wa 1919, mabinti hao wanne, ambao hakuna aliyeolewa, waliitoa picha kwa Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston ili akumbukwe. Miaka mingi baadaye mitungi miwili ya nyumbani kwao ilifuata, ikawekwa kando ya picha. Ndani yake mlikutwa mpira wa tenisi, utepe, sarafu na unyoya.

Picha hiyo ilihifadhiwa pamoja na majina ya waliomo. Je, ni nyumba ngapi hapa zenye picha ya dada wawili waliopigwa studio zamani, na hakuna ajuaye tena ni akina nani? Nyanya akiondoka, majina huondoka naye.

Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la maktaba na makumbusho. Hata hivyo, jengo haliwezi kuhifadhi jina ambalo halikuandikwa. Basi jioni ya leo toeni picha sandukuni, muulizeni nyanya, kisha andikeni nyuma yake kwa penseli: ni nani, wapi, na lini.