Tuuze kwa Uzito, Si kwa Miezi: Nguo za Watoto Njiti katika Maduka ya Rejareja ya Bura

Mada iliyotolewa kwa wauzaji wa nguo na wahudumu wa afya ya jamii, Bura, Kaunti ya Tana River



Utangulizi

Niliombwa nizungumzie uuzaji wa nguo za watoto njiti, tukijiandaa kwa Siku ya Watoto Njiti Duniani, tarehe 17 Novemba. Ratiba inanitaka nianze na maana, nifuatishe hali ya dunia, ndipo nije Bura. Hayo mawili ya kwanza nitayapitia mbio, maana wahudumu wa afya waliomo humu wanayajua kunishinda. Waandalizi wamenisihi pia nisitaje duka la jumla wala kiwanda kwa jina. Nimekubali, ingawa ulimi unaniwasha.

Maana

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 ana uzito pungufu, hata kama miezi yake ilitimia. Chini ya gramu 1,500 uzito ni pungufu sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4, karibu mmoja katika kila watoto kumi. Kwa muuzaji inatosha kujua kwamba watoto wa aina zote hizi hukosa nguo ya kuwaenea madukani kwetu.

Joto la Bura na baridi ya mtoto

Nikilitaja jambo hili sokoni naulizwa: Bura kuna baridi gani? Jua letu linajulikana kuanzia Madogo hadi Garsen. Lakini mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, ngozi yenyewe ni nyembamba, na kichwa ni kikubwa kwa kiwiliwili chake. Joto lake latakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Usiku, au akiachwa na nepi mbichi mbele ya feni, hushuka chini ya hapo huku sisi tukijipepea. Mchana nako, akifunikwa blanketi la nailoni, joto hupanda kupita kiasi, kwa kuwa hajaweza kutoa jasho vizuri. Nguo nzito si dawa.

Kinachopendekezwa ni kangaruu: mtoto alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Utaratibu huu ulianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyopungukiwa mashine za kutunzia njiti. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza uanze mara tu mtoto anapozaliwa. Mtoto wa kangaruu huvaa kofia, soksi na nepi, pengine na fulana isiyo na mikono, iliyo wazi mbele. Leso ya mama humaliza kazi. Ile ovaroli ya manyoya tunayomsukumia baba wa watu saa mbili usiku inatufaidi sisi tu.

Saizi

Sasa nimefika nilikotaka kufika.

Rafu zetu zimepangwa kwa miezi. Nguo ndogo kabisa katika maduka mengi ni ya 0–3, ambayo kwa kawaida hukatwa kwa mtoto wa urefu wa hadi sentimita 62. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na urefu wa kama sentimita 50. Wa wiki 32 ana kama 42, uzito wa kilo 1.7 hivi, na kichwa cha mzunguko wa sentimita 30 hivi. Mvishe ya 0–3: shingo ya nguo huteleza hadi begani, kifua kikabaki wazi. Kofia hushuka ikafunika macho, ikafika puani, na hapo mtoto anaweza kukosa pumzi. Bibi naye, kwa nia njema, hukunja mikono ya nguo na kuibana kwa pini. Pini, kwenye mwili wa kilo moja na nusu!

Nimelipeleka jambo hili kwa wauzaji wa jumla wa Garissa, wa Mombasa na wa Nairobi, mwaka baada ya mwaka, na jibu halibadiliki. Mzigo huja kwa dazani, saizi zimechanganywa tangu kiwandani, na dazani haivunjwi. Ukitaka ndogo tupu, chukua dazani nzima ya ndogo. Ni nani wa Bura atakayefunga pesa zake kwenye nguo kumi na mbili asizojua zitatoka lini? Nawaelewa, hata mimi nalipa kodi ya chumba. Kinachonishinda ni kuwasikia wao hao wakisema njiti hawana soko. Litaonekanaje? Anayehitaji saizi ya kilo moja na nusu anauziwa 0–3, na daftarini inaandikwa 0–3. Daftari zetu wenyewe zinamficha mteja.

Tena mteja huyu haji mapema. Familia nyingi za huku hazinunui nguo kabla mtoto hajazaliwa, na sina ugomvi na mila hiyo. Njiti naye haji kwa miadi. Anayeingia dukani ni baba au shangazi, gari la Hola au la Garissa linamngoja, saizi haijui, anaonyesha ukubwa wa mtoto kwa viganja viwili. Tunampa kilichopo. Mwisho wa 2023, mafuriko yalipokata barabara kule Madogo, hata hicho kilichopo kilikuwa cha kutafutwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nguo zenyewe zinapita mikononi mwetu. Katika belo za mitumba ya watoto zimo. Nguo nyingi za Ulaya huandikwa urefu: 62, 56, 50, na za njiti 44 kushuka chini. Za Uingereza huweza kuandikwa lb, yaani ratili: 5 lb ni karibu kilo 2.3, na 3 lb ni karibu kilo 1.4. Asiyesoma lebo hudhani ni nguo za mwanasesere. Hazipandi kwenye kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, zinaishia kwenye fagia, yaani mabaki ya bei ya chini.

Tukumbuke pia kwamba skimu ya umwagiliaji ya Bura ilipopokea wakulima wake wa kwanza mwaka 1981, zao lililotegemewa lilikuwa pamba. Leo fulana ya pamba ya mtoto wa kilo moja na nusu tunaisaka Nairobi.

Mapendekezo

Kwanza, tuache kuuliza mtoto ana siku ngapi, tuulize ana uzito gani. Uzito umeandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto. Rafu ziwe na mafungu matatu: chini ya kilo 1.5, kilo 1.5 hadi 2, na kilo 2 hadi 2.5.

Pili, dazani tuivunje wenyewe. Maduka manne yakichanga, kila moja linapata nguo tatu, na hakuna anayefilisika.

Tatu, mafundi wetu wa cherehani washone. Kitambaa kiwe pamba, nguo iwe wazi mbele, kamba isiwepo shingoni, mshono ukae nje, na nyuzi zote zikatwe, kwa kuwa uzi hujiviringa kidoleni mwa mtoto na kuzuia damu.

Nne, wenzetu wa mitumba wasome lebo. Nimeshalisema, nalirudia: 44 kushuka chini, na lb. Zifuliwe, zikauke vizuri, zipigwe pasi kabla ya kuuzwa.

Tano, tuuze kofia na soksi kwanza. Ovaroli ya manyoya isisemwe kuwa ya lazima.

Sita, kila nguo ya njiti iliyoulizwa ikakosekana iandikwe daftarini pamoja na uzito wa mtoto. Bila hivyo tutaendelea kuambiwa soko halipo.

Saba, muuzaji si daktari. Mtoto akiwa amezaliwa nyumbani na hajapelekwa hospitali, mteja aambiwe hili kwanza: mtoto kifuani pa mama, leso juu, safari ya hospitali ianze. Nguo zitafuata.

Nane, na hili naomba lisijadiliwe sana. Mtoto akifariki, nguo zikirudishwa, pesa zirudishwe bila swali, hata kama lebo imeshakatwa. Hasara igawanywe kwa maduka yote yaliyochanga.

Tisa, kwa heshima zote, idara zinazohusika za kaunti zifikirie kutupa kila mwezi idadi ya watoto waliozaliwa chini ya kilo 2.5 katika hospitali za Bura na Hola. Idadi tu, bila majina, ili tujue cha kuagiza. Ombi hili si geni katika vikao vyetu. Nalirudia kwa heshima ileile.

Mwisho, tuuze kwa uzito. Karatasi ya mzigo wa pamoja iko kwa katibu. Kila mwenye duka aandike jina lake na idadi ya kofia anazotaka kabla ya chakula cha mchana.